Chura wa Waipeke Hajarudi

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Bi Kararaina Paraone, tuliyemzika Jumamosi. Tunamkumbuka kwa hasira, na sitaificha. Bi Kararaina amekufa akimsubiri chura.

Ndiyo, chura. Wale wetu wadogo wa milimani, pepeketua, wasiolia hata mvua inyeshe vipi. Babu yake, Mzee Hōhepa, alimwokota mmoja kwenye kijito cha Waipeke akampa mgeni, mtafiti. Mgeni huyo alilala kwake, akala kome wake, kisha akasema, "Nitamtazama tu, halafu nitamrudisha." Kwetu mgeni akiomba hanyimwi. Chura akatiwa kwenye chupa ya spiriti, akapelekwa jumba la makumbusho mjini, na yuko huko mpaka leo. Mzee aliazimisha, wasikilizaji. Narudia: aliazimisha, hakutoa zawadi.

Baadaye wakaja wachimba dhahabu, kijito kikajaa tope, vyura wa Waipeke wakaisha. Yule wa kwenye chupa ndiye wa mwisho wao, naye hajazikwa.

Kararaina alimwona mara ya kwanza kule makumbusho, akiwa mtoto wa shule. Wenzake walipita wakicheka. Yeye akasimama mbele ya kioo akaanza kumsalimia, akimtajia majina ya ukoo kama anavyosalimiwa ndugu, mpaka mwalimu akamvuta mkono. Mdogo wake, Bi Mereana, anasimulia: "Alirudi analia. Akaniambia, wamemsimamisha, mikono juu, kama anaomba atolewe."

Alipokuwa mtu mzima akaenda kumdai. Akaambiwa chura ni mali ya sayansi. Akaambiwa arudi mkurugenzi akiwepo. Alienda miaka nenda miaka rudi, na mkurugenzi hakuwepo hata mara moja. Alipougua, alibaki na ombi hilohilo. "Nizikeni naye kilimani, juu ya kijito," alisema. "Nitamrudisha mwenyewe."

Matangani tulimlaza ukumbini, jeneza wazi, ndugu kando yake usiku na mchana. Kifuniko tukakichelewesha makusudi, kwa sababu jumba liliahidi kumtuma mtu. Akaja Bwana Denholm, suti nyeusi, kisanduku mkononi. Wanawake wakakipokea kisanduku kwa kilio, kama anavyopokewa maiti aliyetoka mbali. Bi Mereana akakifungua. Ndani mlikuwa na chura wa plastiki.

"Ni mfano, mama," Bwana Denholm akasema. "Amefanana naye kabisa, mpaka madoa."

"Mzuri kweli," Bi Mereana akamjibu. "Na sisi tungekulazia hapa Kararaina wa plastiki, ungetoa machozi?"

Tukafunga jeneza, tukamzika Kararaina peke yake.

Wakati wa kuondoka, Bwana Denholm alikwenda kwenye bomba la langoni, pale tunaponawa kila tukitoka kwa maiti ili kifo kisitufuate nyumbani. Desturi anaijua, tumpe haki yake. Bi Mereana akafunika koki kwa kiganja.

"Usinawe, mwanangu," akamwambia. "Maiti wetu bado unaye."

Akapanda gari na mikono yake mikavu.

Bi Mereana, poleni sana, wewe na watoto na ukoo mzima wa Paraone. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mkipita mjini, ingieni jumba lile. Simameni mbele ya ile chupa, mfikirie ni nani mngemwacha humo. Kisha mumuulize mlinzi wa mlangoni chura wetu anarudi lini, na msiondoke mpaka awajibu.