Mwalimu Faustin Kalaba na Daftari ya Teatre

Baba na bamama, bandugu ba Kilwa, banafunzi ba marehemu, miye niko Rigobert Kalaba, mudogo wake wa tumbo moja, na karatasi hii niliandika kwa mukono yangu, hakuna karani alitia kalamu yake ndani, basi muntu akiona kosa asinungunike mu njia, anikute miye.

Yaya Faustin, mukubwa wangu, alizaliwa Kilwa yetu ya ku ziwa tarehe 14 mwezi wa tatu 1911, mutoto wa kwanza wa baba yetu, fundi wa mashua, alianza masomo ku misioni mu 1920, alifika Élisabethville mu 1927, na mu 1931 alipata diploma ya mwalimu, akafundisha hapa cité, mu mitaa yetu, miaka makumi mbili. Alioa mama Virginie Mwansa tarehe 9 mwezi wa sita 1934, Mungu akabapatia batoto batano, mumoja alimutangulia, bane beko hapa mbele yenu.

Kazi yake banafunzi banaijua: kila siku ya kwanza ya juma alibasomea maandishi ine bila kusema jina yao, hadithi, shairi, teatre, ndiyo muchezo wa kuigiza, na barua, halafu anauliza, nani anasema, anasema na nani, anataka nini kwetu? Mutoto akijibu "iko shairi, mwalimu, juu iko muzuri," anaambiwa, "Keti, baba, hata bukari mama yako anasonga iko muzuri." Hadithi, alisema, iko na musimulizi, shairi unaisikia ku pumuzi mbele ya kuielewa, na teatre inaweka jina ya kila muntu mbele ya maneno yake, mwenye kuiandika yeye anajificha.

Miye sikuketi mu kalasi ile. Nilijifunza kusoma peke yangu, mu karakana ya reli, na ripoti za mikutano ya shirika yetu ya bantu ba Kilwa, mule karani anaandika jina ya muntu, halafu maneno aliyosema, na nilijivuna nayo sana.

Siku ya Mungu, Jumapili, tarehe 6 mwezi wa tano 1951, nilikuta ku meza ya yaya daftari imefunguka katikati, nikasoma: "Musonda: Kesho hakuna muntu kwenda ku kazi. Kasonde: Na bwana mukubwa akiuliza? Musonda: Tutamufungia mu nyumba, ajipikie bukari." Damu ikanipanda, kumbe yaya iko na mikutano na ananificha, nikabeba ile ripoti mpaka ku kantini, nikaisoma kwa sauti mbele ya banywaji, nikauliza nani kati yenu alikuwa mule, bakacheka, "We Rigo, rudia pa bukari!", nikarudia, nikairudisha ku meza bila kumuambia yaya.

Siku ya tatu polisi ilifika ku masomo, ikafungua kabati, ikabeba daftari ya teatre ya batoto, ikasema ule iko mupango wa kugoma, na yaya akatolewa mu kalasi, akapelekwa kuandika namba ku magunia mu depo. Hakufundisha tena.

Kabati ile ilikuwa na funguo mbili, moja ya yaya, moja ya rafiki yake, mwalimu Léonard Mwape. Mwingine aliyemuuza yaya ku polisi ningemutafuta wapi? Niliangalia viatu vyake vipya, vimetoka wapi, niliangalia nani anamusalimia njiani, nilimufukuza ku ubatizo wa mutoto, nilisukuma shirika mpaka ikamutoa, na juzi, maiti iko mu nyumba, mulinisikia wote: "Weye muuza-bantu, kaa inje ya lupango." Mpaka sasa Léonard iko pale, ku mulango ya uwanja, mu jua.

Yaya alianza kukohoa mu 1955, vumbi ya magunia, akaingia lopitalo mwezi wa saba mwaka huu, akafariki tarehe 9 mwezi wa munane 1957, saa ine ya asubui.

Leo asubui niliomba mama Virginie karatasi za tarehe, akanipatia pia daftari moja polisi ilirudisha, na miye nikaifungua, mara ya kwanza, ku ukurasa wa kwanza: "Teatre ya kalasi ya mwisho. Bachezaji: Musonda, mupishi. Kasonde, mutunza bustani." Nikageuza, nikafika pa bukari. Miaka sita nilizania ni daftari mbili, moja ya mikutano, moja ya teatre. Nikamuuliza, yaya alijua? Akajibu, "Alijua, shemeji, polisi ilimutajia ile kantini. Na Léonard alijua. Balinyamaza, juu na hasira yako ungekimbia mwenyewe ku polisi, bangekufunga."

Tunashukuru baganga na bamasère, masista ba lopitalo, majirani ba avenue yetu, bantu ba depo waliomubeba siku alianguka.

Na sasa, bijana, mulete kiti ya mwalimu Léonard ndani, muiweke hapa karibu na jeneza, na tukiinua, pahali pa mbele kuume, pahali pa mudogo wake, iko yake, miye nitafuata nyuma. Léonard, sikuombi unijibu leo.

Yaya, uliza yale maulizo yako tatu ya kalasi. Rigobert: Ni miye. Ninasema na Léonard, mbele ya bote. Nataka asamehe.

Lala, mwalimu. Usirudi ku magunia.