Paskalina Lihame na Nafasi Niliyomnyima

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, ndugu, majirani na waombolezaji wote, mimi ni Fulgence Lihame, kaka mkubwa wa marehemu, na kazi hii ya kusoma niliomba apewe mtu mwingine, lakini mama akasema nitasoma mimi.

Marehemu Paskalina Fridolin Lihame alizaliwa tarehe 14 Machi 1990 hapa Michenga, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Fridolin Lihame na mama Wilhelmina, na tangu alipoanza kusema alikuwa na kigugumizi, ambacho sisi ndugu zake tulikifanya mchezo wa nyumbani.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1998 hadi 2004, kisha akajiunga na sekondari mjini Ifakara mwaka 2005, na huko mwalimu Eliza, mlezi wa klabu ya midahalo, alimpa kazi ya kugonga kengele muda wa msemaji unapokwisha, mwaka uliofuata akamfanya katibu, na alipofika kidato cha nne alikuwa mwenyekiti wa klabu, anasimama mbele ya shule nzima, anakwama, anavuta pumzi, anaendelea, na wenzake wanamsubiri amalize.

Baada ya kuhitimu mwaka 2008 alijifunza ushonaji, akafungua chumba cha cherehani Kibaoni mwaka 2010, na kila Alhamisi alikifunga ili kujitolea kupima uzito wa watoto kliniki, jambo ambalo mimi nililiita kazi ya mtu asiye na kazi.

Tarehe 5 Julai 2014 alifunga ndoa na ndugu Lukelo, fundi wa pampu za maji, wakarudi kuishi Michenga, na Mungu akawajalia watoto wawili, Careen, aliyezaliwa mwaka 2015, na Sikitu, aliyezaliwa mwaka 2018.

Mwaka 2019 alianzisha klabu ya wanafunzi ya kuangalia maji, wakapaka rangi alama tatu kwenye nguzo kandokando ya mashamba ya mpunga, na kila jioni ya masika waliandika maji yamefika wapi, kazi waliyoifanya miaka yote bila kulipwa.

Ndugu waombolezaji, hapa ukoo ulikuwa umeandika sentensi moja tu, kwamba marehemu alishiriki shughuli za maendeleo, nami nimeomba ruhusa ya mama niiondoe.

Tarehe 19 Februari 2022, katika mkutano mkuu wa kijiji, jina la Paskalina lilipendekezwa kwa nafasi ya mwenyekiti wa kamati ya maafa, na mimi, niliyekuwa naitaka nafasi hiyo, nilisimama nikasema, "Huyu kutamka jina lake tu ni shughuli, maji yakija atatuita saa ngapi?" Mkacheka, na wengi wenu mliocheka mko hapa, lakini aliyewachekesha ni mimi, na mdogo wangu aliondoa jina lake, akakaa chini, nikachaguliwa mimi.

Jumamosi ya tarehe 6 Aprili 2024, mchana, nikiwa Mlabani kwenye sherehe, alinipigia simu akasema, "Kaka, maji yamepita alama ya pili, ruhusu watu wahame," nikamjibu, "Acha kutisha watu, mwenyekiti ni mimi," nikakata simu kabla hajamaliza neno alilokuwa amekwama nalo. Hakungoja ruhusa yangu, alipita nyumba kwa nyumba na wanafunzi wake, na hadi jua linazama kaya arobaini na moja zilikuwa zimehamia shuleni, mke wangu na watoto wangu wanne wakiwemo. Kesho yake nilipofika kwa mtumbwi, nyumba yangu ilikuwa imeanguka, na Paskalina alikuwa darasani anawagawia watoto uji, akaniamkia, "Shikamoo kaka," akanipa kikombe.

Wageni walipokuja mwezi Juni kuipongeza kamati, nilipokea hati ya heshima kwa jina langu, nikahutubia dakika ishirini, wala jina lake sikulitaja.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwezi Oktoba 2024, akatibiwa Ifakara na baadaye Dar es Salaam, na nilipomtembelea wodini mara tatu nikiwa nimedhamiria kumwomba radhi, niliishia kuzungumzia mavuno ya mpunga, na Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, alifariki dunia, ameacha mume, watoto wawili, mama na ndugu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Michenga na Kibaoni, mwalimu Eliza aliyesafiri kuja, na wanafunzi wa klabu waliochimba kaburi bila kuombwa.

Nilimdhalilisha mbele ya watu, kwa hiyo mbele ya watu nasema nilimkosea, na najua nimechelewa. Asubuhi hii nimemkabidhi mtendaji wa kijiji barua ya kujiuzulu, na klabu itaendeshwa na wanafunzi wenyewe, Careen akiwemo, ambao naomba muwasikilize hata wakisema polepole.

Paskalina, mdogo wangu, Mungu akupokee, upumzike kwa amani.