Dawa Niliyosema Nimeitupa

Bwana asifiwe, watu wa Kagio! Asifiwe hata na kinywa hiki, ambacho mara ya mwisho kilipofunguka mbele yenu kiliwadanganya. Naona wengine mnanitambua. Ndiyo, ni mimi Mama Njoki wa Endarasha, yule mliyempigia vigelegele mpaka mabati yakatetemeka. Leo msinipigie. Kaeni tu mnisikilize.

Ndugu zangu, mimi nina presha. Sisemi nilikuwa nayo. Ninayo.

Mnakumbuka nilivyowaambia: mhubiri mgeni alikuja kwetu, akawaombea wagonjwa, akaniwekea mkono kichwani. Hayo ni kweli. Nilisikia joto mwilini na moyo ukawa mwepesi, hayo pia ni kweli. Jumapili iliyofuata Pasta wetu akauliza nani ana ushuhuda. Kanisa likanyamaza. Mnaujua ukimya ule, Pasta anaangalia huku na huku na kila mtu ameinamisha kichwa kama anayetafuta sarafu chini ya benchi. Nikamhurumia. Nikasimama, nikasema Bwana ameniponya presha na dawa zote nimezitupa chooni. Dawa zilikuwa chumbani kwangu. Nilikuwa nimemeza asubuhi ile ile, kabla ya chai!

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Hapana, nisianze tena. Najua. Yalitoka kwangu, na yalikuwa matamu.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika Kangari! Nikawa naitwa kila mahali, navaa kitambaa cheupe, naenda kushuhudia. Karatina nilisema daktari alishangaa. Hapa kwenu nikasema alilia. Kangari nikasema mashine yake ya kupimia ilikataa kusoma. Na kila safari, asubuhi nameza, mchana nashuhudia. Dawa zenyewe nilianza kuzichukua Nyeri mjini, ambako hakuna mtu wa kwetu angeniona kwenye foleni. Nikajiambia uongo huu haumuumizi mtu, unamwinua Mungu. Mungu gani huyo anayehitaji kuinuliwa na uongo wa Mama Njoki?

Kwetu viazi vikikomaa, akina mama huchimba pamoja, leo shamba la huyu, kesho la yule. Siku moja tulikuwa kwa jirani yangu Mama Muthoni, dada yangu katika Kristo tangu tulipookoka. Alikuwa mbele yangu kwenye mstari, anaimba. Wimbo ukakatika. Nilipoinua macho alikuwa ameanguka juu ya viazi, mdomo umepinda upande mmoja, jicho linaniangalia. Nikapiga kelele, nikiuliza amepatwa na nini, na jana alikuwa mzima!

Mke wa mwanawe, Wanjiru, alikuwa amemshika kichwa. "Mama ako na presha," akaniambia huku analia. "Alimwaga dawa yote kwa choo ile Jumapili ulitoa ushuhuda. Tumemwambia arudi kliniki, amekataa. Ati kama Mungu amekuponya wewe, yeye si mtoto wa kambo."

Ndugu zangu, nilishtuka! Sikujua hata kama ana presha. Hakuwa mtu wa kutangaza magonjwa yake. Mimi nilitupa dawa kwa mdomo tu. Yeye alizitupa kweli.

Tulimkimbiza hospitali Nyeri. Uhai ulibaki, Mungu apewe sifa, na baada ya siku kadhaa maneno yakaanza kurudi, mazito mazito. Lakini lililonishtua zaidi lilikuwa bado linakuja. Nesi akileta dawa, Mama Muthoni anafunga mdomo. Daktari alituambia wazi kwamba asipomeza, ataanguka tena, na safari hii huenda asiamke. Wanjiru akalia, Pasta akasihi, mume wa mgonjwa akagomba. Wapi! Alikuwa anamjua mtu mmoja aliyepona bila dawa, na mtu huyo alikuwa amesimama kando ya kitanda chake, ameshika kibeti.

Akanigeukia. "Mama Njoki," akasema, "niambie ukweli. Wewe uliomba namna gani? Mimi nimeomba, nimefunga, na Mungu amenipita. Nimekosea wapi?"

Yesu wangu! Mwanamke nusu ya mwili imekufa, analala hapo akitafuta dhambi yake, na dhambi ni yangu! Nilimwogopa Pasta, nikamwogopa Wanjiru, lakini nikauogopa zaidi ule mdomo uliofungwa. Nikafungua kibeti, nikafungua fundo la leso, nikatoa kidonge changu cha siku hiyo, ambacho nilikuwa bado sijakimeza. Nikachukua maji yake yaliyokuwa pale mezani, nikameza mbele ya wote.

"Hii ndiyo mimi humeza kila siku," nikamwambia. "Sikutupa hata moja. Nilidanganya kanisa, na nikakudanganya wewe."

Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Aliniangalia, akaiangalia ile leso, machozi yakaanza kumtoka.

"Kwa hivyo," akasema polepole, "si mimi Mungu alikataa?"

"Si wewe."

Akafungua mdomo. Nesi akamwekea dawa.

Hapo ndipo Bwana aliponifungua kutoka kwa uongo. Sikuanguka chini, sikuona mwanga. Niliona aibu, aibu kubwa, kisha nikaweza kuvuta pumzi.

Mama Muthoni yu hai. Mkono wake wa kulia haujarudi. Anajifunza kumenya viazi kwa wa kushoto, na siku nyingine ananisamehe, siku nyingine hanisalimii. Nikiwaambia amepona kabisa mtashangilia, lakini kazi hiyo nimeiacha. Namshukuru Mungu kwa alilolifanya, na sitamwongezea hata chembe.

Kwetu nimeshaungama, Karatina pia, na Kangari nitakwenda. Leo ni zamu yenu. Daktari hakulia, ndugu zangu! Hata sikuenda kumwona! Mungu wetu anaponya, mtumainini, mwombeni bila kuchoka, lakini mwendeeni na ukweli. Na kama kuna mtu hapa aliyeacha dawa kwa sababu ya maneno yangu, namsihi kwa jina la Yesu arudi kliniki kesho. Kumeza dawa si kukosa imani. Nitakwenda naye mimi mwenyewe. Na kama kuna wa kuchekwa, nichekwe mimi. Inua mkono tu.

Siketi. Nangoja.

Ee Bwana! Mama wa kitambaa cha bluu, nimekuona. Baba, na wewe pia? Njooni. Njooni hapa mbele, mnishike mkono.