Shangazi wa Ghorofa ya Pili Anaaga Meza ya Madeni

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, mshauri wetu mkuu wa masuala ya madeni atafunga droo ya meza yake kwa mara ya mwisho, akiwa ametimiza miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika ofisi hii. Jina lake kamili limo kwenye faili la utumishi, na huko ndiko lilikobaki. Wateja, mlinzi, sisi wenzake na hata mkurugenzi anayemzidi umri, wote tunamwita Shangazi.

Alitokea duka moja la samani za mkopo, ambako kazi yake ilikuwa kuwapigia simu waliochelewesha malipo. Hakudumu. Alikuwa akimpigia mtu kumdai kabati, na dakika kumi baadaye mtu yule anamweleza habari za mgonjwa wake, na Shangazi anamsogezea tarehe ya malipo hadi mwezi ujao. Mwenye duka alivumilia miezi minne, kisha akamwachisha kazi kwa heshima zote, akampa na barua ya sifa iliyosema kuwa ni mwaminifu kupita kiasi. Barua hiyo ndiyo iliyompatia kazi hapa.

Jina la Shangazi alipewa na fundi bomba mmoja, miongoni mwa wateja wake wa mwanzo. Fundi alikuwa na madeni hadi shingoni na hakuthubutu kumwambia mkewe, kwa hiyo kila Jumanne aliaga nyumbani kwamba anakwenda kumwona shangazi yake. Mke akaanza kujiuliza. Katika ndoa yao yote hajawahi kusikia habari za shangazi huyo, na sasa mume anakwenda kila wiki, tena amenyoa ndevu. Jumanne ya nne alimfuata nyuma nyuma, akapanda ngazi zetu kwa kishindo na kusukuma mlango bila hodi. Akamkuta mumewe mbele ya rundo la bahasha, na mwanamke mwenye miwani puani akimwamuru afungue nyingine. Mama wa watu alishusha pumzi. Alipoonyeshwa jumla ya madeni, alikaa kwenye kiti cha wageni, akasema kwa utulivu kwamba afadhali ingekuwa kweli ni mwanamke wa nje. Lakini hakuondoka. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akileta risiti, na mume alifuata nyuma amebeba mkoba.

Kibao cha mlango wa barabarani ni kazi yake pia. Zamani kiliandikwa Ushauri wa Madeni, kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara, na watu walikuwa wakifika chini ya jengo, wakisoma, wanajifanya wamekuja kuangalia magodoro kwenye duka la chini. Mwenye magodoro alifurahi sana miaka ile. Shangazi aliomba maneno mawili ya mwisho yapakwe rangi, kikabaki Ushauri tu. Tokea hapo tunapokea pia wachumba waliogombana, pamoja na wazazi ambao watoto wao hawataki shule. Hakuwahi kumfukuza hata mmoja. Alidai kwamba nusu ya magomvi ya nyumbani, ukiyachimba kidogo, chini yake kuna mkopo.

Nimekaa naye meza moja miaka kumi na miwili, kwa hiyo nina haki ya kusema na mengine. Anaongea na simu kana kwamba waya umekatika na ni lazima sauti yake ifike kwa miguu. Amepoteza miavuli mingi kuliko sisi sote tukijumlishwa. Mashine ya kunakili karatasi anaiogopa, na ikikwama huipiga kofi na kuiomba radhi papo hapo. Na mteja akilia, humwacha alie. Hamwambii anyamaze, hampi maji, anaendelea kupanga bahasha polepole mpaka mtu amalize mwenyewe. Nilidhani ni ugumu wa moyo, hadi siku nilipoona mkono wake chini ya meza umeukamata ukingo wa kiti kwa nguvu.

Kwa wenzetu wa idara nyingine wasiojua kazi yetu, mtu aliyezidiwa na madeni ana njia kadhaa za kisheria, na mojawapo ni mpango rasmi wa malipo. Mdaiwa, chini ya msimamizi mwenye leseni, anawaita wadai wake wote na kuwaambia ukweli: kila mwezi naweza kutoa kiasi hiki, kwa miaka mitano, basi. Wenye robo tatu ya deni lote wakikubali, wote wanafungwa na makubaliano. Riba inasimama, mali haikamatwi, na miaka ikiisha kinachobaki kinafutwa. Sharti kubwa ni kwamba kila mdai awemo. Ukimficha mmoja na akaja kujulikana, mpango wote unaweza kubatilishwa. Nyaraka za Shangazi za mipango ya aina hii hazijarudishwa hata mara moja, na ndizo zinazofundishwa kwa washauri wapya. Ila sifa yake haikutoka kwenye nyaraka. Ilitoka kwa mwoka mikate.

Huyu alikuwa na bekari ndogo yenye tanuri mbili, na kutoka humo zilikula familia tatu: yake na za wafanyakazi wake wawili. Tanuri ya pili aliinunua wakati biashara imechangamka. Biashara ikalala, mikopo haikulala. Benki ilikuwa tayari imetuma mtu kuja kupima tanuri zote mbili kwa macho ya mnunuzi. Shangazi alimwandalia mpango, wadai wakaitwa, na siku ya kikao kila kitu kilikwenda kama maji. Benki ilikuwa inaelekea kukubali, mwenye nyumba alishakubali. Msimamizi alikuwa ameshika kalamu ili ahesabu kura, ndipo muuza unga, kwa udadisi wake tu, akauliza tanuri ya pili ilinunuliwa kwa fedha gani. Mwoka mikate akajibu kuwa alisaidiwa.

Sisi wengine tulilisikia hilo tukalipita. Shangazi alivua miwani. Alimuuliza mteja wake, mbele ya watu, alisaidiwa na nani, na huyo aliyemsaidia anangoja kurudishiwa au hangoji. Mwoka mikate akaangalia dari. Shangazi akaomba kikao kiahirishwe.

Mkurugenzi wa wakati ule alikuja juu kweli kweli. Ushindi ulikuwa mkononi, na ofisa wa benki alisema wazi kwamba hana uhakika kama wakubwa wake watakuwa na moyo ule ule wiki mbili baadaye. Shangazi alijikaza kisabuni, akasema hawezi kumjengea mtu nyumba juu ya shimo analoliona. Kisha akamchukua mteja wake hadi kwenye ngazi. Fedha za tanuri, kumbe, zilitoka kwa mama mkwe, mshonaji wa sare za shule, aliyetoa akiba yake ya miaka. Deni lile lilikuwa la pili kwa ukubwa, baada ya benki.

"Shangazi, mama mkwe haandikwi," alisema yule bwana. "Nimkalishe mama yake mke wangu na watu wa benki, wanijadili? Afadhali wachukue tanuri."

Hapo ndipo tulipojua na mengine. Kwa miaka miwili alikuwa hajakanyaga kwa mama mkwe. Akimwona sokoni hubadili njia. Mkewe huenda kwao na watoto peke yao, na kila mara anatoa udhuru ule ule, kwamba baba watoto ana mikate motoni. Benki ilikuwa inataka tanuri tu. Hili lingine lilikuwa linamla mtu mzima mzima.

Ilichukua siku tatu na machozi ya mkewe hadi akapiga moyo konde na kuturuhusu kwenda, kwa sharti kwamba yeye hatakuwepo. Tulimkuta mama mkwe kwenye cherehani, na hakuisimamisha. Shangazi alimweleza yote, hakumficha hata chembe. Mama mkwe alishona ukosi mpaka mwisho, akakata uzi, ndipo akauliza kama muuza unga yumo kwenye orodha. Yumo. Mwenye nyumba? Yumo. Na yule kijana wa kuni? Naye yumo. Alizima cherehani.

"Muuza kuni yumo," alisema, "mimi simo."

Tulijiandaa kwa hasira ya mtu aliyedhulumiwa fedha zake, na tukakuta ni uchungu mwingine kabisa. Miaka yote miwili alidhani mkwewe anamdharau, au ndoa ya binti yake inavunjika na wanamficha. Akiba yake aliiwaza kidogo tu. Alichokuwa akikitaka ni kuona mtu anaingia mlangoni na watoto wake Jumapili.

Siku ya kikao cha pili alifika kabla ya wote, akakaa kiti cha mbele, katikati ya ofisa wa benki na muuza unga. Benki ilikuwa imebadilika kweli: sasa ilikataa, inataka tanuri ziuzwe. Tulipiga hesabu pale pale. Kwa orodha ile ya zamani, kura ya benki pekee ingetosha kuuangusha mpango. Kwa orodha mpya, mama mkwe akikubali, ulipita. Mwoka mikate alikuwa amesimama ukutani, jasho linamtiririka, hathubutu kutazama kiti cha mbele.

Mama mkwe aliuliza kama mdai anaruhusiwa kumuuliza mdaiwa swali. Msimamizi akamwambia ni haki yake.

"Mbona huji nyumbani, baba?"

Mtu aliyejibu maswali yote ya benki bila kubabaika, hilo lilimshinda. Mwishowe akasema, kwa sauti ambayo sisi wa nyuma tuliipata kwa shida, kwamba anaona aibu.

Mama mkwe akavuta karatasi ya wadai karibu, akaipitia kwa kidole kutoka juu hadi chini, akamgeukia msimamizi. "Hiyo aibu siioni hapa. Mliyoyaandika nayakubali. Na nilipwe kama hawa wengine, msinitangulize wala msinipunguzie."

Mpango ulipita. Muuza unga alikuwa anapenga kamasi waziwazi. Ofisa wa benki, ambaye kazi yake siku ile ilikuwa kushindwa, alimpa mama mkwe mkono kwa mikono miwili. Kesho yake Shangazi alikuta mezani pake mwavuli mpya, kutoka kwa mkurugenzi. Na tangu hapo, kabla ya kufunga orodha yoyote, kila mshauri hapa humuuliza mteja kama kuna ndugu aliyemsaidia. Ukiona jinsi watu wanavyoshtuka, utajua swali hilo limewahi kuokoa wangapi.

Juu ya kustaafu kwake hataki makuu. Tulipoanza kuchangishana zawadi, alipita meza kwa meza akionya kwamba atakayechukua mkopo wa mshahara ili achangie, atamfungulia faili. Wawili walirudishiwa fedha zao. Anasema atalima nyanya na kulala mpaka jua limpige usoni. Mumewe, fundi saa, ametuomba kwa siri tumtafutie hata kazi ya nusu siku, maana ameshaanza kuulizwa matumizi yake ya sigara.

Nilimuuliza wiki hii ni siku gani ya kazi aliyoifurahia zaidi. Nilitegemea ataje kikao kile. Alitaja Jumapili iliyofuata, aliyosimuliwa na mke wa mwoka mikate. Mume alivaa shati lililopigwa pasi, akatembea na watoto hadi kwa mama mkwe, akafika mlangoni, akashindwa kubisha. Alisimama tu. Mtoto wake mdogo akachoka kungoja, akapiga kelele kuita bibi. Na sauti kutoka ndani ikajibu kwamba mlango uko wazi, tena umekuwa wazi siku zote, waingie, chai inapoa.

Shangazi, umetufundisha kazi, umetuchekesha, na umetuvumilia. Tunakushukuru kwa mioyo yetu yote. Tutakukosa sana, na hilo sitalipamba. Nenda ukapumzike na afya tele, na kila utakapobishiwa hodi, awe ni mtu amekuja kukusalimu.