Sosthène Bagalwa na Gari Lililojizidishia Umri

Ijumaa tarehe 29 Septemba 2017, saa kumi jioni, ndugu yetu Sosthène Bagalwa ataitundika ovaroli yake kwa mara ya mwisho hapa gereji ya Harrison, Plymouth, Marekani, baada ya miaka kumi na tisa ya kazi. Habari zake nimepewa niandike mimi, Lois wa mapokezi, kwa kuwa inasemekana mdomo wangu haupumziki. Haya, vuteni viti.

Alianza Oktoba 1998, akitokea Bukavu kwa safari ndefu ambayo huisimulia kwa sentensi mbili, kisha anaomba chai. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuosha magari. Mpaka amalize kuosha gari moja, alikuwa ameshajua liligongwa wapi, lilipakwa rangi upya wapi, na mwenyewe anamfichia mkewe nini chini ya kiti. Mwaka 2003 Harrison, mwenye gereji, akaona kipaji hicho kinaishia kwenye sabuni bure. Akampa kazi ya kukagua magari ya zamani ya spoti na kusema kama bei inayotakwa ni ya haki.

Tangu hapo hatujanunua gari kabla Sosthène hajalipigia magoti, maana huanzia kwenye pedali. Hataki kutajiwa bei kwanza. Husalimia mwenye gari, watoto wake, wakwe na mbwa, halafu ndipo anainama. Husema namba za maili mtu anaweza kuzirudisha nyuma kwa dakika ishirini, lakini mpira wa klachi unalika taratibu na hauna ndugu wa kumpendelea. Wateja wetu wa Kimarekani mwanzoni walikuwa wakitazama saa. Siku hizi wengine huja na picha za wajukuu.

Tumemcheka sana kwa kilomita zake. Maili zilikataa kabisa kumwingia kichwani. Kuna mteja ambaye Sosthène aliwahi kumwelekeza njia ya Bloomington kwa kilomita, na yule bwana akapitiliza hadi karibu atoke mjini. Ndiyo maana kila gari alilokagua alilipeleka barabara kuu na kulinganisha mita yake na vile vibao vya kijani vya maili vilivyo kando ya barabara. Alitaka kuona kwa macho maili moja ni ndefu kiasi gani. Tukasema ni ushamba, na mimi nilisema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Sasa nifike Novemba 2011. Harrison alikuwa ametia akiba yote ya gereji, dola elfu thelathini na sita, katika gari jekundu la spoti la mwaka 1973 lililoletwa kutoka Ujerumani, gari pekee alilolinunua kwa picha bila Sosthène kulikagua. Alitaka kuliuza elfu arobaini na mbili. Wiki zikapita, hakuna aliyeuliza hata rangi yake. Mwenye jengo akatupa notisi: kodi ilipwe kabla ya tarehe mosi Desemba, la sivyo milango ifungwe na sisi watu tisa tutafute pengine.

Ijumaa moja akaja mnunuzi na bahasha. Mita ilisoma maili 29,800, akasema kwake hizo ni nyingi, atatoa elfu thelathini na moja, na saa kumi na moja anaondoka. Theluji ilitabiriwa jioni ileile, na theluji ikishuka barabara humwagiwa chumvi, na gari kama lile halikanyagi chumvi mpaka Aprili. Harrison akatuuliza tufanye nini. Mume wangu alikuwa Nakuru akisubiri viza, na faili lake lilitaka hati zangu za mshahara. Nikawa wa kwanza kujibu: "Uza tu, boss. Kidogo si haba." Wengine saba wakaitikia.

Sosthène alikuwa chini ya usukani, miguu nje. Akatoka na vumbi kichwani. "Patron, ungoje. Hizi pédales hazijakanyagwa hivyo. Compteur inajiongeza."

Mita inajiongeza! Sote tulijua magari yanayojipunguzia umri. Gari la kujizidishia hatukuwahi kulisikia. Mimi, kwa hofu yangu, nikamwambia mbele ya mgeni: "Hizo kilomita zako hazitatulipia rent." Yeye akamwomba mnunuzi apande naye, ashike kalamu, na asome mita mwenyewe kila wakipita kibao.

Tukawafuata mimi na Harrison kwa gari la gereji, barabara ya 94 kuelekea magharibi, mawingu yamekaa juu ya paa. Nilihesabu vibao kwa sauti huku nikiomba Mungu, na sijui nilikuwa naomba matokeo gani. Kwenye kibao cha kumi Sosthène akaegesha kituo cha mafuta. Mnunuzi akatoka ameishika bahasha yake, ile ile ya pesa, ambayo nyuma yake ameandika namba. Maili kumi za barabara, kumi na sita za mita.

Kilomita! Jamani, nilipiga kelele mpaka muuza mafuta akachungulia! Tuliporudi, fundi wetu Ntwali alifungua dashibodi, akakuta uso wa maili umebandikwa juu ya uso wa Kijerumani, na ndani mita bado inahesabu kilomita. Gari lilikuwa limetembea maili elfu kumi na nane na mia tano tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mnunuzi alicheka kwanza, kisha akalinunua yeye mwenyewe kwa elfu hamsini na nne, na theluji ikaanza kushuka tukiwa bado tunapeana mikono.

Harrison alimpa Sosthène cheo cha mkaguzi mkuu, na vijana wanne wamejifunza kazi kwake tangu siku hiyo. Sasa anastaafu, na anasema ataanza kumfundisha mama Vestine, mkewe, kuendesha gari. Tunamwombea mama Vestine uvumilivu.

Kaka Sosthène, kazi ilibaki, hati za mshahara zikatimia, na Machi 2013 nilimpokea mume wangu uwanja wa ndege. Binti yetu ana miaka mitatu. Niliyepiga kelele uza ndiye niliyepata kuliko wote, na kwa miaka sita tumekunywa chai meza moja bila mimi kukuambia. Nisamehe kwa maneno ya siku ile, na asante kwa nyumba yangu. Nenda salama na mama Vestine, Mungu awape afya na siku nyingi. Jumapili tunakuja kwenu, mtoto anataka kukusalimia.