Sumaku Niliyoililia Nikanyimwa

Niacheni nisimame, maana nikikaa nitaanza kutingisha miguu kwa furaha! Wa kanisani, Bwana ni mwema. Wenzangu wa msikitini, amani iwe kwenu. Kikundi chetu cha mafundi wa Kabasa mmenipa nafasi leo, na mimi sitanong'ona.

Ndugu zangu, nawaambia, mimi huyu mnayemwona nilikaa nyumbani mvua za vuli zikaisha, za masika zikaja, sijashika grenda ya kukatia chuma. Sikuwa na malaria. Sikuwa nimefiwa. Mke wangu ananiwekea uji, nautazama mpaka unafanya utandu. Geti la mteja limeegemea ukutani, limeishia nusu, linaota kutu. Wengine wakasema nimerogwa, wengine wakasema uvivu. Na mimi nilikuwaga nawaza mambo ambayo siwezi kuyasema mbele ya watoto hawa, Mungu anayajua.

Mke wangu akanipeleka hospitali Musoma. Daktari, mama mmoja mtaratibu, akasema huu ni ugonjwa, unaitwa sonona, na unatibika. Nikameza vidonge. Nafuu ikaja kidogo, ya kuniwezesha kuoga. Ya kucheka haikuja.

Ndipo shemeji yangu wa jijini akapiga simu. "Shemeji, huku wanatibu sonona kwa sumaku! Wanakuwekea kichwani, inagongagonga, uko macho, hukatwi, hulazwi!"

Mnacheka eeh? Mnajua kwa nini niliruka! Sisi mafundi chuma kikiturukia jichoni tunakwendaga kwa nani? Si kwa ile sumaku ya spika iliyokufa, inayoning'inia pale karakana? Mwenzako anakufunua kope, anapitisha sumaku, chuma kinatoka, unarudi kazini machozi yanatiririka. Nimefanyiwa hivyo, na nimewafanyia wengine humu ndani, msijifiche. Nikajiambia, kama sumaku inatoa chuma jichoni, itashindwaje kutoa huzuni kichwani? Nikasema naenda, hata kwa kuuza mashine ya kuchomelea.

Mke wangu akasema, "Baba watoto, ukiiuza, ukipona utashika nini? Tumwulize daktari kwanza." Nilimkasirikia, lakini tukaenda.

Daktari akasema matibabu hayo ni ya kweli, wapo yaliowasaidia hasa dawa zilipogoma. Ila hayavuti kitu kutoka kichwani, yanaamsha sehemu ya ubongo iliyozubaa. Na ni safari ya majuma, unakwenda karibu kila siku. Kisha maswali. Umewahi kuanguka kifafa? Hapana. Una chuma chochote kichwani?

Nikacheka, cheko la kwanza tangu vuli. "Daktari, mimi fundi. Chuma kiliniingiaga jichoni, lakini tulikitoa na sumaku yetu."

Yeye hakucheka. "Mlikitoa chote?"

Akanituma nikapige picha. Jamani, kiko! Kichembe kimetulia nyuma ya jicho hili la kulia kama mpangaji asiyelipa kodi. Daktari akasema, "Sumaku ya mashine ile si ya spika. Ingekitikisa hicho, jicho lingekwenda. Baba, haya si matibabu yako."

Nililia pale, mwanaume mzima na ndevu zangu. Sikulilia jicho. Nilikuwa nimefunga matumaini yangu yote kwenye sumaku ile. Nikasema, "Basi mimi ni wa kufa."

Hapo, ndugu zangu, ndipo mambo yalipogeuka. Daktari akavuta kiti, akaja kukaa upande wangu wa meza. "Nimekwambia njia moja haikufai. Sijasema njia zimeisha. Dawa uliyotumia ni ya aina moja, zipo nyingine. Na hujawahi kukaa na mtu ukayasema hayo unayowaza." Mke wangu akanishika mkono, akasema, "Tunaanza leo leo."

Tukabadilisha dawa. Nikakaa na mnasihi, nikayasema yote, na hakuna paa lililoanguka. Fundi mwenzangu mmoja, yupo hapa anainamisha kichwa, akawa ananipitia asubuhi. "Usifanye kazi," anasema, "njoo tu usikie kelele." Haikuwa haraka, nisiwadanganye. Lakini siku moja nikanywa uji ukiwa wa moto, nikasema, "Huu uji sukari imepungua." Mke wangu akapiga kigelegele mpaka majirani wakatoka nje! Wakauliza nani kaolewa!

Asante, mke wangu. Asante, daktari. Asante, fundi uliyenipitia. Geti nimelimaliza, na nimelichomelea nikiwa na miwani.

Sasa somo langu ni hili. Ukisikia dawa kubwa, usiulize tu ina nguvu gani, uliza kama inakufaa wewe. Jibu maswali ya daktari yote, hata yanayokuchekesha. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kuna mtu wa Butiama tulikuwa tunakutana kwa daktari, yeye sumaku ilimfaa, na leo analima. Mimi haikunifaa, na leo nachomelea.

Hii hapa mfukoni ni ile sumaku ya spika. Nimeing'oa, hairudi karakana. Wote iliowagusa macho, nendeni mkapimwe.

Na kuna mwenzetu hajaja tena leo. Tunamsema mvivu. Kesho asubuhi nampitia mimi, na nitagonga mpaka afungue.