Aloys Ndabitoreye, Mkalimani wa Mtu Mmoja

Aloys Ndabitoreye alizaliwa tarehe 14 Aprili 1951 huko Buterere, mtoto wa pili wa mkulima wa mpunga, asubuhi ambayo mvua ilikuwa imeshusha anga mpaka mashambani. Mama yake alisimulia kwamba siku ile huwezi kujua maji yanaishia wapi na mawingu yanaanzia wapi, na kwamba mtoto alitoka na macho ya mtu aliyeamshwa kabla ndoto haijaisha. Macho hayo alidumu nayo miaka hamsini na mitatu. Ukimpa habari, alikutazama kwanza kama anayerudi kutoka mbali, ndipo akajibu. Wenye haraka walimwona mzito. Wenye haraka wengi wako hapa leo, na familia inawashukuru kwa kuwahi.

Shule ya msingi alisoma Kamenge, akienda na kurudi kwa miguu, kisha akaingia chuo cha ualimu Gitega, alikomaliza mwaka 1973. Huko padri mmoja wa Ireland alimfundisha Kiingereza, naye akakipenda jinsi wengine wanavyopenda mpira. Alikiota kabisa. Kaka yake Xavier, waliyelala kitanda kimoja wakati wa likizo, anashuhudia kwamba amepigwa mateke kwa Kiingereza. Jambo moja tu lilimshinda Aloys. Kiingereza hakikubali kumsimulia mtu mpaka kiseme kwanza kama ni wa kiume au wa kike: ni “he” au ni “she”. Yeye alikuwa amelelewa ndani ya Kirundi na Kiswahili, ambamo aliyekuja amekuja tu, basi. Maneno hayo mawili aliyachanganya mpaka uzeeni.

Ndivyo alivyochumbia. Mwaka 1977, akiwa tayari mwalimu Kamenge, alimpeleka Consolate kwa yule padri na kumtambulisha kama “he”. Consolate hakujua Kiingereza, lakini macho alikuwa nayo.

“Mbona baba padri amekuwa mwekundu?”

“Amefurahi,” akajibu Aloys.

Walifunga ndoa tarehe 8 Julai 1978, wakajaliwa watoto watatu.

Vita vilipoanza mwishoni mwa 1993, Kamenge ilimwagika. Shule ikafungwa, na familia ikahamia Mutanga Nord, chumba cha uani kwa Xavier. Kwa zaidi ya miaka miwili mwalimu asiye na darasa alikaa mlangoni akitazama ziwa likipotea ndani ya ukungu na kurudi, kupotea na kurudi, kama kwamba lenyewe halikuwa na uhakika. Mwaka 1996 ofisi moja ya wageni, iliyokusanya ushuhuda wa raia, ilimwajiri kuwa mkalimani. Alivaa tena koti. Majirani walimwita Bwana Mkalimani, na hakujifanya kwamba hapendi.

Machi 1997 alikuja ofisini Sijaona, muuza vitenge, ambaye sasa yuko Kigoma. Alieleza jinsi alivyokimbia na watoto wake kupitia mashamba ya Buterere, maji ya mpunga yakifika magotini na ndege weupe wakiwa wamesimama kimya kila upande, mpaka kwenye nyumba moja.

“Alitufungulia,” alisema Sijaona. “Akatulaza nyuma ya magunia. Waliotufukuza walipokuja kutuulizia, akasema nyumba iko tupu.”

Aloys akatafsiri, na palipohitajika “he” au “she” akaweka “they”, yaani “wao”. Madamu mkuu wa ofisi akainua kalamu. Walikuwa wangapi? Mmoja, akasema Aloys. Basi mwanamume au mwanamke? Muulize.

Aloys akamgeukia mgeni. “Mama, anauliza huyo mutu ni mwanaume ao mwanamuke.”

Sijaona akamjibu kwa swali. “We uko mutoto wa Buterere, apana?”

“Ndiyo, mama.”

“Basi mwambie ni mutu.”

Aloys alielewa. Taarifa za ofisi ile zilichapishwa na kusambazwa mjini kote, na zilisomwa hata na wale waliokuja kuuliza. Upande ule wa Buterere nyumba zilizobaki na watu zilikuwa chache. Ukijua tu kama ni mwanamume au mwanamke, umeshajua mlango wa kubisha. Akarudia: mtu mmoja, “they”. Madamu, aliyekuwa amemsahihisha mara nyingi, akafunga faili kwa uchovu. Aliona ni kosa lile lile la Aloys, sasa limezaa. Taarifa ikatoka hivyo, na wasomaji wakadhani ni kundi la watu. Mwisho wa mwezi Aloys aliagwa kwa heshima, kwa sababu Kiingereza chake hakikutosha.

Consolate alipopata fununu, alimkalia kooni. “Si ungesema uongo? Mwanamke umuite mwanaume, ao mwanaume umuite mwanamke, na kazi yako inabaki!”

“Uongo nao una mulango wake,” alisema Aloys. “Wangeenda kubisha kwa mwingine.”

Zaidi ya hapo hakusema, wala mkewe hakupata jina. Mtaa ulisema kwa niaba yake. Watoto wa Mutanga Nord walimwita Bwana They, na vijana wa familia hii hawakubaki nyuma. Aliitika. Alifundisha masomo ya jioni kwenye veranda, koti lile lile, mpaka mwaka 2002 sukari ilipomkalisha na kisha kumlaza. Miezi ya mwisho aliongea usingizini, na binti yake Orlane, aliyemuuguza, anasema alikuwa akimkaribisha mtu ndani. Alifariki nyumbani Jumatano tarehe 19 Mei 2004, mvua za mwisho zikinyesha.

Siku iliyofuata, waombolezaji wakiwa wamejaa uani, mtu fulani aliingia na mfuko wa mchele wa Buterere, akaketi karibu na Consolate na kumweleza yale ya Buterere na ya ofisini tuliyosoma hapa, kama alivyoyasikia kwa Sijaona. Xavier, ambaye hawezi kunyamaza hata kwenye msiba, aliuliza: “Tuandike, ao tuache?”

“Mwandike,” akajibu mgeni huyo. “Ila mniseme kama yeye alivyonisema.”

Kazi hiyo kwa Kiswahili haikutuchosha hata kidogo. Ilimchosha Aloys, kwa Kiingereza, na ikamgharimu ajira na jina. Na aliyeleta mchele anajua kwamba bado anaishi kwa sababu ya neno lile la Aloys.

Aloys ameacha mjane wake Consolate, watoto wake Orlane, Hyacinthe na Népomuscène, kaka yake Xavier, wajukuu wawili, na mtu mmoja.

Airudie sasa ile ndoto aliyokatiziwa, na humo apumzike kwa amani.